Maisha ya Bwana Lloyd Mathews

Nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto kwamba utumwa wa Unguja ulikwisha mwaka 1873. Nilikosea. Mwaka ule soko lilifungwa, na mahali pake likajengwa Kanisa la Mkunazini, lakini watumwa walibaki mashambani. Maisha ya Bwana Lloyd Mathews yanaonyesha jambo hilo wazi.

Alizaliwa Madeira mwaka 1850, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa na miaka 13 tu. Baada ya vita vya Ashanti aliletwa Unguja mwaka 1875 katika London, manowari kuukuu iliyotia nanga bandarini. Mashua zake ndizo zilizoyawinda majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 Seyyid Barghash alimpa kazi ya kuunda jeshi jipya, naye akaandikisha Waafrika na kuwafundisha gwaride la Kizungu. Mwaka 1881 aliacha utumishi wa Malkia, akawa mtu wa Sultani kabisa.

Desemba ya mwaka huohuo Kapteni Brownrigg wa London alilikaribia jahazi moja karibu na Pemba. Lilipeperusha bendera ya Ufaransa, kwa hiyo alitaka kutazama hati zake tu. Kumbe ndani mlikuwa na watumwa! Nahodha, Hindi bin Hattam, na watu wake wakamwua. Mathews akaenda Pemba na askari wake, wakapigana, akamkamata Hindi, ambaye alikufa kwa majeraha yake.

Mtu huyohuyo alifanywa Waziri Mkuu wa Sultani mwaka 1891. Hapo mambo yakageuka. Mali ya serikali ilikuwa karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Mathews akaona heri kwenda polepole, na watu wa misheni wakamlaumu sana. Nadhani walikuwa na haki, ingawa si rahisi kumwita mnafiki mtu aliyehatarisha maisha yake baharini.

Amri ilitoka Aprili 1897. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana wake alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu. Masuria hawakuhesabiwa kabisa.

Mathews alikufa kwa malaria hukohuko Unguja, tarehe 11 Oktoba 1901. Masuria walingoja miaka minane zaidi, hata 1909.