J.C. Bose: Jamaa aliyepiga kengele bila waya, kisha akakataa pesa

CHUKUA bodi mbili za ESP32, zile ndogo zinazouzwa kule Luthuli. Moja iweke sebuleni, nyingine chumbani. Ukitumia mfumo unaoitwa ESP-NOW, hizo bodi zitaongea zenyewe kwa zenyewe. Hakuna ruta, hakuna bando, hakuna laini ya simu. Kila bodi ina anwani yake inayoitwa MAC. Unaipa inayotuma anwani ya inayopokea, unahakikisha zote ziko kwenye chaneli moja (hapo ndipo wasee wengi hukesha wakijikuna kichwa), halafu ujumbe mfupi, kwa kawaida usiozidi baiti 250, unapenya ukuta. Unabonyeza kitufe huku, taa inawaka kule.

Mwaka wa 1895, jijini Calcutta, India, mwalimu mmoja wa fizikia alifanya mchezo kama huo mbele ya watu katika ukumbi wa Town Hall. Alikuwa na mtambo wa kutuma upande mmoja na wa kupokea upande mwingine, takriban mita 23 kutoka hapo, na kuta katikati. Luteni Gavana wa Bengal mwenyewe alikuwa ameketi katika njia ya mawimbi, na mawimbi yakampita mwilini kama hayupo. Upande wa pili kengele ikalia na baruti ikalipuka. Hakukuwa na waya hata mmoja kati ya mitambo hiyo miwili.

Mwalimu huyo aliitwa Jagadish Chandra Bose. Kabla hujauliza, hapana, si yule wa spika na hedifoni. Huyo ni Amar Bose, mtu mwingine kabisa. Wala si Satyendra Nath Bose ambaye chembe za boson zilipewa jina lake, ingawa huyo alikuwa mwanafunzi wa huyu wetu. India ina akina Bose wengi, bana.

Alizaliwa Novemba 30, 1858, Mymensingh, sehemu ambayo leo iko Bangladesh. Babake alikuwa hakimu katika serikali ya Waingereza, mtu mwenye cheo, na watu wa cheo chake walikuwa wanapeleka watoto shule za Kiingereza moja kwa moja. Yeye akakataa. Alimpeleka kijana wake shule ya Kibengali kwanza, akakaa dawati moja na watoto wa wavuvi na wa watumishi, kwa sababu aliamini mtoto ajue lugha ya kwao kabla ya kuanza kuhangaika na ya wageni. Kiingereza kilikuja baadaye, huko Calcutta.

Alipofika Uingereza mwaka wa 1880 alikuwa anaenda kusomea udaktari. Haikudumu. Alikuwa na homa iliyokuwa ikimrudia kila mara, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ilizidi kumuumiza. Baada ya mwaka mmoja akaacha, akahamia Cambridge kusoma sayansi, na huko akafundishwa na Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama hizo. Sisi tulioacha chuo katikati huwa tunapenda sana hadithi kama hizi, lakini tusijidanganye. Huyu alibadilisha kozi tu, na akarudi nyumbani na digrii mbili.

Kazi aliyopata mwaka wa 1885 ilikuwa ya kufundisha fizikia katika Presidency College, Calcutta. Hapo ndipo mambo yalipokuwa machungu. Mwalimu Mhindi alikuwa akilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Na kwa vile nafasi yake iliandikwa kuwa ya muda, alipangiwa pesa za chini hata kuliko hizo. Mtu wa kawaida angelalamika kisha achukue kidogo alichopewa, maana kodi ya nyumba haingoji. Bose hakugoma wala hakuacha kazi. Alifundisha kila siku, kila somo, na hakugusa ule mshahara hata senti. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu mizima, na familia yake wakati huo ilikuwa na madeni, kwa sababu biashara za babake zilikuwa zimeanguka. Katikati ya ukame huo akaoa. Mkewe, Abala, alikuwa amesomea udaktari Madras, na baadaye akawa mtetezi mkubwa wa elimu ya wasichana Bengal.

Mwishowe wakubwa wa chuo walinyoosha mikono. Wakamwajiri rasmi kwa mshahara kamili, na wakamlipa malimbikizo ya ile miaka mitatu yote kwa mkupuo. Pesa hizo zikaenda kulipa madeni ya mzee.

Maabara sasa. Hakuwa nayo. Alijipatia kichumba kidogo pale chuoni, kidogo kuliko bafu za nyumba nyingi, na akamwajiri fundi wa mabati ambaye hakuwa amesoma. Ni fundi wa jua kali, tuseme ukweli. Bose alichora na kueleza, fundi akakata na kukunja. Vifaa vilivyotoka mikononi mwao ndivyo vilivyowashangaza wanasayansi wa London.

Utafiti wenyewe alijiwekea nadhiri ya kuuanza siku aliyotimiza miaka 36, Novemba 30, 1894. Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo kweli, alikuwa amekufa mwezi wa Januari mwaka huohuo, naye akiwa na miaka 36.

Hebu tuelewe Bose alibadilisha nini hasa. Wimbi lina urefu, yaani kutoka mgongo mmoja hadi mgongo unaofuata. Urefu huo ndio unaoamua ukubwa wa antena yako. Hertz alianza na mawimbi ya mita kadhaa, na hata alipoyafupisha yalibaki sentimita 66 hivi. Vifaa vyake vilijaza chumba. Ile ESP32 yako hutumia gigahezi 2.4, ambayo ni wimbi la kama sentimita 12 na nusu, na antena ya robo ya hapo ni sentimita tatu tu. Ndiyo maana kile kimstari kilichojikunjakunja pembeni mwa bodi kinatosha. Bose alishuka hadi milimita tano. Hiyo ni kama gigahezi 60! Mwaka wa 1895! Kwa sababu mawimbi yalikuwa mafupi hivyo, mtambo wake wote wa majaribio ungeweza kukaa juu ya meza ya kawaida, na akayaelekeza kwa pembe za chuma zilizopanuka mdomoni, zikifanana na vipaza sauti vya mikutano ya siasa.

Lakini kutuma si kazi. Cheche yoyote hutuma. Ugumu uko kwa anayepokea, na yeyote aliyewahi kuhangaika na bodi mbili anajua: ile ya kwanza inasema ujumbe umeenda, ya pili imenyamaza kama imeapa. Enzi hizo kipokezi kilikuwa kijineli cha kioo kilichojaa unga wa chuma. Wimbi likifika, chembe zinashikana na umeme unapita. Tatizo ni kwamba zikishikana haziachani. Lazima ukigongegonge ndipo kiwe tayari kwa wimbi lingine. Juu ya hayo, kilikuwa na kigeugeu: leo kinasikia, kesho kiziwi.

Bose akautupa ule unga. Badala yake akapanga springi ndogondogo za chuma zikigusana, na skrubu ya kuzikaza au kuzilegeza, ili aamue mwenyewe kipokezi kiwe chepesi kiasi gani. Joto na unyevu wa Bengal vikaleta kutu, akazipaka springi kobalti. Kufikia 1899 alikuwa amewasilisha kwa Royal Society ya London aina nyingine, ya chuma na zebaki, iliyojirudisha yenyewe bila kugongwa na ambayo ungeisikiliza kwa kipokeo cha simu. Aliwahi pia kuonyesha kwamba kitabu cha ratiba za treni, ukiweka karatasi za bati kati ya kurasa zake, kinaweza kuchuja mawimbi: ukikishika hivi yanapita, ukikigeuza yanazibwa.

Alipotoa mhadhara wake Royal Institution mnamo Januari 1897, wengi walishangaa kwamba hakuficha chochote. Alieleza vifaa vyake wazi, kila mtu aone vinavyofanya kazi. London hiyohiyo, mwaka mmoja nyuma, kijana wa Kiitaliano, Guglielmo Marconi, alikuwa ameomba hataza, yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi. Desemba 1901 Marconi alitangaza kwamba amepokea herufi moja ya mos iliyovuka Bahari ya Atlantiki kutoka Cornwall hadi Newfoundland. Kipokezi alichotumia kilikuwa cha zebaki, na kilimfikia kupitia ofisa wa jeshi la majini la Italia. Mwaka wa 1998 makala katika jarida la wahandisi la IEEE ilisema asili ya kipokezi hicho ni kile cha Bose cha 1899.

Je, aliibiwa? Mtandaoni utakuta watu wanapiga kelele kwamba redio nzima iliibwa. Mimi naona hiyo ni kutia chumvi. Marconi alitaka kupeleka ujumbe mbali, akajenga kampuni, akakusanya vipande vya watu wengi. Bose alitaka kujua mawimbi ni kitu gani. Lakini kipande kikiwa chako, jina lako linafaa kuwa juu yake, na jina la Bose lilikaa nje kwa karibu karne nzima.

Pesa nazo zilimjia mlangoni. Mwaka wa 1901 akiwa London alimwandikia rafiki yake, mshairi Rabindranath Tagore, kumweleza jinsi tajiri mmoja wa kampuni ya simu za maandishi alivyomfuata na fomu ya hataza mkononi, akitaka wagawane faida nusu kwa nusu. Akamkatalia. Aliona maarifa si mali ya kufungiwa kabatini. Ni marafiki, hasa Mmarekani Sara Bull, waliomsukuma mpaka akaomba hataza moja ya Marekani, ya kipokezi cha madini ya galena. Ilitolewa Machi 1904, nambari 755,840, na huhesabiwa kuwa ya kwanza kwa kifaa cha aina ya semikondakta cha kunasa mawimbi. Hakuifanyia biashara. Muda wake ukaisha hivihivi.

Kusema ukweli, hapo mimi na yeye hatuelewani. Mtu aliyekaa miaka mitatu bila mshahara kwa sababu ya haki anajua vizuri thamani ya kazi ya mkono wake. Ningekuwa mimi ningechukua hataza, kisha nijenge maabara kubwa na nimlipe yule fundi wa mabati vizuri.

Baada ya hapo aliyaacha mawimbi akahamia kwa mimea, akabuni mashine za kupima jinsi mmea unavyokua na kushtuka ukiguswa. Baadhi ya wenzake Ulaya walimcheka kwa hilo. Waingereza walimpa cheo cha Sir mwaka wa 1917, na Novemba mwaka huo, siku yake ya kuzaliwa, akafungua taasisi yake ya utafiti Calcutta. Royal Society ikamkubali kuwa mwanachama mwaka wa 1920.

Marconi alifariki Julai 20, 1937, na vituo vya redio vikanyamaza kwa dakika mbili kumheshimu. Bose alifariki mwaka huohuo, Novemba 23, mjini Giridih, wiki moja kabla ya kufikisha miaka 79. Miaka 60 hivi baadaye, wahandisi wa Marekani walipokuwa wakitengeneza kipokezi cha mawimbi ya milimita 1.3 kwa ajili ya darubini ya redio kule Arizona, walirudi kwenye maandishi yake ya 1897 na kuchukua mbinu kutoka humo. Vile vifaa alivyotengenezewa na fundi wa mabati bado vimehifadhiwa katika taasisi yake, Kolkata.