Munganga Hugh Trowell na sahani ya mgonjwa wa sukari

Mtu akipimwa Kisangani na kuambiwa ana ugonjwa wa sukari, swali la kwanza nyumbani ni la chakula. Aache fufu? Aache lituma na mchele? Basi atakula nini? Swali hilo ni la zamani, na mmoja wa watu waliolifuatilia sana alifanya kazi hapa jirani, Uganda. Jina lake Hugh Trowell.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea uganga London, na mwaka 1929 akaja Kenya kama munganga wa serikali ya kikoloni. Alikuja na bibi yake Margaret, ambaye baadaye alianzisha shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1935 walihamia Uganda. Huko Kampala, ku hopitali ya Mulago, Trowell alitibu wagonjwa na kufundisha wanganga wa Kiafrika kwa zaidi ya miaka 20.

Kazi iliyompa jina kwanza ni kwashiorkor. Aliona watoto wenye kuvimba miguu, nywele zikigeuka rangi, kwa kuwa walipoachishwa ziwa walilishwa karibu wanga mtupu. Mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu juu ya ugonjwa huo. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kusifu wanga ovyo.

Lakini kuna jambo lingine lililomsumbua. Miaka ile ya kwanza, Waafrika wenye ugonjwa wa sukari waliofika hopitali walikuwa wachache sana, na huku watu walikula wanga kila siku: ndizi za kupondwa, ambazo ni ndugu wa lituma yetu, viazi vitamu, mahindi, maharagi. Huko Ulaya ugonjwa ulikuwa wa kawaida. Juu ya nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alirudi Uingereza, akawa mchungaji wa kanisa la Anglikana. Hata hivyo hakuacha utafiti. Pamoja na mpasuaji Denis Burkitt, mwenzake wa Mulago, alifikia jibu hili: shida si wanga wote, ni wanga uliosafishwa mpaka nyuzinyuzi zikatupwa. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Zinasaidia sukari iingie damuni polepole. Mwaka 1974 alionyesha kwamba vifo vya ugonjwa wa sukari Uingereza vilipungua miaka ya vita na baadaye kidogo, wakati serikali ilipoagiza mkate wa unga usiosafishwa sana.

Wenye kumpinga walikuwa na hoja. Wakati wa vita watu walipimiwa pia sukari na mafuta. Na Afrika ya zamani, wangapi walipimwa damu? Leo tunajua kwamba unene, kukaa bila kutembea na damu ya ukoo vinahesabika pia.

Hata hivyo hoja yake iligusa mashauri rasmi. Tangu kabla ya insulini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1922, wanganga wa Ulaya na Marekani waliwaambia wagonjwa wapunguze wanga. Mwaka 1982 chama cha ugonjwa wa sukari cha Uingereza kiligeuka, kikashauri wanga wenye nyuzinyuzi. Trowell, aliyefariki mwaka 1989, aliwahi kuona mageuzi hayo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2019 chama cha Marekani kilikubali kwamba kupunguza wanga ni njia mojawapo inayoweza kushusha sukari ya damu. Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaweza kupewa mashauri mbalimbali, na hakuna aliyedanganywa.

Pande zote mbili zinapatana kwa haya: punguza soda, sukari na mkate mweupe, ongeza pondu, mboga nyingine na maharagi, angalia ukubwa wa tonge la fufu. Na anayetumia insulini au vidonge vya sukari asikate wanga ghafula kwa akili yake mwenyewe. Dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka mpaka mtu azimie. Aende kwanza ku munganga wake, wapange chakula na dawa pamoja.