Svante Arrhenius

Svante August Arrhenius (19 Februari 1859 – 2 Oktoba 1927) alikuwa mwanakemia kutoka nchi ya Uswidi.

Mwaka 1884 aliwasilisha tasnifu kuhusu namna maji yenye chumvi yanavyopitisha umeme. Wahadhiri wa Uppsala waliipa alama ya chini, nusura akose nafasi ya kufundisha chuoni. Kazi hiyohiyo, alipoiendeleza, ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1903.

Kwake asidi hutoa ioni za hidrojeni ndani ya maji, na besi hutoa ioni za hidroksidi. Maelezo hayo hayatoshi kwa magadi, kama yale ya Ziwa Manyara kaskazini kwa Babati: hayana hidroksidi, ila huizalisha yakikutana na maji. Mwaka 1923 Brønsted na Lowry walisema besi ni dutu yoyote inayopokea protoni.