Kulukulu wetu na jina la Daktari Fischer

Wageni wapenda ndege wakija Arabuko-Sokoke au Shimba Hills, hupenda sana kumwona kulukulu, yule wa kijani ambaye akiruka mbawa zake huwaka wekundu. Vitabuni mwao anaitwa kwa jina la Fischer. Huyu Fischer ni nani?

Gustav Fischer alizaliwa Barmen, Ujerumani, mwaka 1848, akasomea udaktari. Mwaka 1876 alifika Unguja. Akaenda Witu, na 1878 akaupanda mto Tana. Alikokwenda alikusanya ndege, na ngozi zao zikafika Berlin. Ni mtaalamu wa huko, Anton Reichenow, aliyempa kulukulu jina la daktari huyo mwaka 1878.

Mwaka 1883 Fischer alifika Naivasha akitokea Pangani, Wamasai wakamzuia asisonge mbele. Safari ya mwisho, 1885 hadi 1886, ilikuwa ya kumtafuta msafiri Wilhelm Junker. Alifika kusini mwa Ziwa Victoria, akashindwa kupita Uganda, akarudi kwa kuzunguka mashariki ya ziwa. Alifariki Berlin Novemba 1886, akiwa na miaka 38. Mwaka uliofuata Reichenow akamwita kasuku mdogo wa Tanzania kwa jina lake pia.

Mimi Mpwani nafanya kazi Nyamira, upande huo huo wa mashariki ya ziwa. Masika haya nimekuwa nikienda kwenye kinamasi cha Sironga kutazama ndege, na majina yamenitatiza. Sisi twasema korongo tu: mwenye taji kichwani ni korongo, na yule mweupe anayerudi Ulaya mvua zikianza ni korongo vilevile. Wazee wa Kigusii niliokutana nao wanawatenganisha bila kufikiri mara mbili.

Korongo mwenye taji sasa yumo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Vinamasi vya Kisii na Nyamira vinakaushwa na mikaratusi na kuchimbwa udongo wa matofali. Ndege akitoweka, jina lake halikai sana midomoni.

Simlaumu Fischer, alichokusanya kiliandikwa, ndiyo maana twamjua. Wapagazi waliombebea mizigo hawakuandikwa, wala majina waliyowaita ndege hao. Wapokomo, Wagiriama na Wabajuni bado wana wazee wanaoyajua. Tukawaulize mapema, tuyaandike, kulukulu awe na jina letu kando ya lile la daktari.