James Clerk Maxwell: Aliyetafuta siri ya mashine kutulia

JINA la James Clerk Maxwell hutajwa zaidi kwa habari za nuru na mawimbi ya redio. Lakini mwanasayansi huyo wa Uskochi aliacha pia makala fupi ya mwaka 1868, ambayo wahandisi wanaotuliza mitetemo ya majengo marefu na mikono ya roboti huihesabu miongoni mwa misingi ya fani yao.

Alizaliwa Edinburgh, Juni 13, 1831. Mama yake alifariki kwa saratani ya tumbo, mtoto akiwa na miaka minane. Shuleni alichekwa kwa lafudhi na mavazi yake ya shamba, akabandikwa jina la mpumbavu. Hata hivyo, alipokuwa na miaka 14 makala yake ya hisabati ilisomwa kwa niaba yake mbele ya wanazuoni wa Edinburgh.

Mwaka 1854 alishika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa Cambridge, nyuma ya Edward Routh. Miaka mitatu baadaye alipata Tuzo ya Adams kwa kuthibitisha kuwa pete za sayari ya Zohali haziwezi kuwa kitu kimoja kigumu, kwani zingevurugika. Lazima ziwe chembe nyingi mno.

Swali la kutulia na kuvurugika lilimfuata London. Katika vipimo vya umeme vya mwaka 1863, koili ilipaswa kuzunguka kwa kasi isiyobadilika, na kazi hiyo iliachiwa gavana, kifaa cha kudhibiti mwendo.

James Watt alikuwa amefunga kifaa cha namna hiyo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Injini ikizidisha kasi, mipira miwili inayozunguka hutanuka na kupunguza mvuke. Kasi ikishuka, mipira hurudi na mvuke huongezeka. Lakini baadhi ya injini zilipanda na kushuka kasi bila kukoma.

Akiwa nyumbani kwake Glenlair, Maxwell alionyesha kuwa mashine ikisumbuliwa, mambo ni manne: usumbufu hukua, hufifia, hugeuka mtetemo unaokua, au mtetemo unaofifia. Milinganyo ya mashine yaweza kutabiri lipi litatokea. Kuzidisha nguvu ya sahihisho si dawa peke yake. Kwaweza kuchochea mtetemo.

Kwa mashine tata zaidi hakupata kanuni ya jumla. Aliyeipata ni Routh, yule yule aliyemshinda Cambridge, ambaye kazi yake ilitwaa Tuzo ya Adams mwaka 1877.

Wakati huo Maxwell alikuwa amerudi Cambridge, profesa wa kwanza wa Cavendish tangu mwaka 1871. Alifariki Novemba 5, 1879, akiwa na miaka 48, kwa saratani ya tumbo kama mama yake. Alizikwa Parton, Uskochi.

Leo vihisio hupima mtetemo wa muundo unaonyumbulika, kompyuta hutoa amri, na mota husukuma kinyume. Amri ikichelewa, msukumo uliokusudiwa kutuliza huzidisha mtikisiko. Kabla ya kuiwasha mitambo hiyo, mhandisi hulazimika kujibu swali lile lile la mwaka 1868: je, mtetemo huu utafifia au utakua?