Louis Leakey na Elimu ya Michezo

Katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa, mwendo mfupi kutoka katikati mwa jiji la Nairobi, ipo sanamu ya mzee aliyeketi akilitazama shoka la mawe mkononi mwake. Huyo ni Louis Seymour Bazett Leakey. Aghalabu wasomi humtaja kwa ajili ya mafuvu ya Olduvai, na vitabu vya shule vimeridhika na hayo. Makala haya yanakusudia kumwangalia kwa upande uliosahaulika: Leakey mchezaji, na jinsi michezo ilivyomfunza kazi yake.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, magharibi mwa Nairobi, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa miongoni mwa waliotafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Mtoto alikua miongoni mwa watoto wa Kikuyu, akakisema Kikikuyu kama lugha ya kwao, akacheza walichocheza na kuwinda walichowinda. Mzee Joshua Muhia alimfunza kunyatia wanyama, jambo ambalo kiini chake ni subira: kukaa kimya, kutazama, kukisia mnyama atafanya nini kabla hajalifanya. Alipobaleghe alitahiriwa pamoja na rika la Mukanda, akapewa jina lenye maana ya mwana wa kipanga. Na ni katika kuokota-okota kwa kitoto ndipo alipokusanya vipande vya jiwe jeusi la volkano, ling'aalo mithili ya kioo, ambavyo Wakikuyu walivihusisha na nyembe za mizimu. Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi wakati huo, alimthibitishia kwamba baadhi yake ni zana za watu wa kale. Utafiti wa maisha yake ulianzia hapo, kabla hajafahamu kwamba unaitwa utafiti.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922, na Kikikuyu kikakubaliwa kuwa mojawapo ya lugha zake za mtihani. Huko alifundishwa anthropolojia na Alfred Haddon, bingwa wa mchezo ambao sote tuliucheza utotoni bila kuupa heshima: kuzungusha uzi vidoleni hadi utokee umbo la nyumba, wavu au mnyama. Haddon aliuona mchezo huo kuwa maarifa yanayostahili kurekodiwa, na Leakey akaulimbikiza moyoni. Baadaye uzi mfukoni ukawa chombo chake cha kazi. Alipofika mahali ambapo hajulikani wala hajui lugha, aliutoa na kuanza kusuka maumbo. Sababu ya kufaulu kwake si ngumu kuieleza. Mgeni mwenye daftari huuliza, na anayeulizwa hujihadhari. Mgeni mwenye uzi huonyesha, kisha hukubali kuonyeshwa, na papo hapo mwenyeji anakuwa mwalimu. Mchezo humpa kila mmoja haki ya kukosea bila aibu. Alikwenda pia Angola, na maumbo ya uzi kutoka kaskazini mashariki mwa nchi hiyo yakachapishwa mwaka 1949 yeye na mkewe Mary wakiwa waandishi. (Mary naye ndiye aliyechimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mnamo 1937 na 1938, mahali ambapo mashimo ya bao yamechongwa mwambani. Wanaodhani bao ni la pwani peke yake wakayatazame.)

Mawe nayo aliyajua kwa mkono. Hakutosheka kuzipima zana za kale. Alijifunza kuzichonga, akawa akiwaonyesha watu hadharani jinsi ya kumchuna mnyama kwa jiwe alilolichonga mwenyewe. Kwake yeye, akili ya mtu wa kale ilisomeka kwa kutenda kama alivyotenda.

Kati ya 1937 na 1939 aliwakalisha wazee wa Kikuyu, Chifu Koinange akiwasaidia kuwakusanya, akaandika mila zao tangu malezi ya watoto hadi sheria za ardhi. Wakati huohuo, mwaka 1938, Jomo Kenyatta alichapisha kitabu chake kuhusu Wakikuyu, naye akaieleza michezo ya watoto kuwa ndiyo shule yao: mtoto huiga kazi za wazazi kwa mchezo hadi siku mchezo unapogeuka kazi. Watu hawa wawili walikuwa na ujuzi wa jambo moja. Haukuwapatanisha.

Hapa ndipo wasifu huu unapokuwa mgumu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, Leakey aliitumikia serikali ya kikoloni kwa lugha ileile aliyoipata michezoni. Aliandika vitabu viwili dhidi ya Mau Mau, mwaka 1952 na 1954, na katika kesi ya Kenyatta huko Kapenguria alikuwa mkalimani, hadi mawakili wa utetezi walipomshutumu kwa upendeleo naye akajitoa. Wapo wanaomtetea kwamba aliikosoa pia serikali kuhusu dhuluma ya ardhi, na ni kweli aliikosoa. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, utetezi huo hautoshi. Mchezoni, wachezaji wote huzifuata kanuni zilezile, na kila mmoja aweza kushinda. Kapenguria mmoja alitafsiri na mwingine alifungwa. Leakey alidhani kwamba kulelewa na rika kunampa haki ya kulisemea rika, ilhali rika halikumtuma.

Aliyasimamia makumbusho ya Nairobi hadi mwaka 1961, na mwaka 1960 alikuwa amemtuma Jane Goodall Gombe akawatazame sokwe kwa subira kama ile aliyofunzwa na Muhia. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, Kenyatta akiwa Rais. Ule utafiti wa Wakikuyu ulianza kuchapishwa mwaka 1977, kwa Kiingereza, takriban miaka arubaini baada ya wazee kuketi na kumsimulia.