Tippu Tip: mtu wetu tusiyejua tumweke wapi

Ukipita Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, waongoza watalii hawakosi kusimama mbele ya nyumba moja yenye mlango wa kuchonga. Hapa, wanasema, ndipo alipokuwa akiishi Tippu Tip. Wageni wanapiga picha, maelezo ya dakika mbili yanatolewa, msafara unasogea. Sisi tuliosoma hapa nyumbani nasi tuna maelezo yetu ya dakika mbili: sekondari tulimkariri kwenye mada ya biashara ya masafa marefu, pamoja na akina Mirambo na Msiri, tukajibu mtihani, basi. Kwa mtu aliyeshika eneo kubwa kuliko baadhi ya nchi za leo, na akaacha kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili, huku kumpita mbio kunashangaza.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Alizaliwa Unguja miaka ya 1830. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyejikita Unyanyembe, karibu na Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa ukoo wa kitemi wa Fundikira. Kwa hiyo kijana alikulia kati ya Uarabu wa pwani na ujamaa wa Wanyamwezi. Wazungu waliokutana naye waliandika kwamba rangi yake ilikuwa nyeusi kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu tumezoea kusema biashara ya watumwa ilifanywa na "Waarabu", kana kwamba lilikuwa kundi lililoshuka na jahazi, likafanya ubaya wake, likapanda jahazi likaondoka. Hamed hakushuka na jahazi. Alizaliwa hapa, akasema lugha hii tunayoisema, akafa hapa.

Alianza biashara ana miaka kumi na miwili hivi, akinunua sandarusi Mrima. Alipofika miaka kumi na minane baba yake akamchukua bara. Baada ya hapo akajitegemea, akikopa mali kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Baadaye mdhamini wake mkubwa alikuwa Taria Topan, mtu wa forodha ya Sultani. Mnyororo wa biashara hii ulikuwa mrefu: mkopo Unguja, bunduki na nguo kutoka Ulaya, Marekani na India, wapagazi wengi wao Wanyamwezi, machifu wa bara waliouza mateka wa vita zao, na mwisho wake pembe zilizogeuzwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko ng'ambo. Kila mtu alikula pahali pake. Ukitaka mhusika mmoja wa kumtwika yote, humpati.

Mwaka 1867 alipigana na Nsama wa Itabwa, kusini magharibi mwa Ziwa Tanganyika, mtawala aliyeogopwa na misafara yote. Akamshinda. Kwenye ngome yake alikuta pembe karibu frasila 2,000, yaani tani 30 hivi, pamoja na shaba. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba jina la Tippu Tip lilitokana na vita hivyo, kwa mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokimbia. Wengine wakasema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mwenyewe alipendelea maelezo ya bunduki, na nani asingependelea.

Sasa kuna kisa kimoja ambacho kwangu ndicho kinachomweleza mtu huyu kuliko vita vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa akielekea Utetera, upande wa Lomami, katika Kongo ya leo. Njiani akasikia kwamba zamani watawala wa huko waliporwa mabinti wao na jirani zao na hawakuonekana tena. Hamed akalitunza hilo. Alipofika kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, akamwambia kwamba mmoja wa mabinti wale ndiye bibi yake: aliuzwa, akafika pwani, akazaa, na mimi ndiye mjukuu uliyempoteza. Mzee akaamini, au alitaka kuamini. Akamwachia utawala. Pembe zote za nchi zikawa zinaletwa kwa mjukuu.

Hebu tulia kidogo hapo. Mtu ambaye misafara yake ilikuwa ikiwatoa watu makwao, alielewa vizuri kabisa kwamba ukoo ulioporwa binti haumsahau. Alijua kwamba miaka mingi baadaye wangali wanamngoja. Alilijua jeraha lile vya kutosha hata akaligeuza ufunguo. Kwa hiyo ule utetezi wa kwamba watu wa zamani hawakuona ubaya wowote, kwamba tusiwapime kwa kipimo cha leo, kwake haufiki mbali. Kipimo alikuwa nacho. Na kisa hiki hatukupewa na maadui zake. Amekisimulia mwenyewe, tena kama mtu anayefurahia werevu wake.

Kutoka hapo akawa bwana wa Kasongo na Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Wavumbuzi tunaowakariri walipita mikononi mwake: Livingstone, Cameron, kisha Stanley, ambaye mwaka 1876 alimlipa amsindikize kushuka mto. Hamed alirudi njiani, na hadi uzeeni alilalamika kwamba Stanley alimwahidi makubwa akaishia kumletea picha yake. Mwaka 1887 Stanley akarudi tena Unguja na pendekezo jipya: Hamed awe liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Akakubali. Wakapanda meli moja, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo. Ndiyo, mfalme aliyeuambia ulimwengu kwamba anaingia Kongo kukomesha utumwa wa Waarabu alimwajiri mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa huko.

Ajira haikudumu. Mwaka 1890 Hamed alishika njia ya kurudi pwani na hakuiona Kongo tena. Mwaka 1892 vita vikazuka kati ya watu wa Leopold na jamaa zake. Mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893, na kufikia 1894 yote yalikuwa yamekwisha. Waliokufa pande zote mbili wengi wao walikuwa Waafrika wa huko huko. Kisha likaja balaa la mpira, na mikono iliyokatwa. Ubelgiji ikajenga minara ya kujisifu kwa kuwashinda wauza watumwa. Mmoja uko kwenye bustani ya Cinquantenaire, Brussels, na neno la Waarabu lililochongwa juu yake limegombaniwa hadi likafutwa. Sanamu za Leopold nazo zimepata misukosuko: ya Kinshasa iliondolewa zama za Mobutu, na mwaka 2020 moja ikang'olewa Antwerp. Wabelgiji walimtumia Tippu Tip kuficha mikono iliyokatwa. Na sisi tukitajiwa Tippu Tip, haraka haraka tunamtaja Leopold. Kila mmoja ana mbaya wa mwenzake.

Uzeeni Hamed alikaa Unguja, tajiri wa mashamba. Inakadiriwa alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa tangu 1873, kanisa la Kianglikana likajengwa pale pale, lakini kumiliki watu kuliendelea kuwa halali hadi 1897. Hapo ndipo alipoandika maisha yake, kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyeyachapa mwaka 1902 na 1903. Miaka ya 1950 W. H. Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza. Wengi wanakihesabu kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Akafa Juni 1905.

Kisome kitabu hicho, kipo maktabani. Ni kitamu, sikufichi. Lugha inakimbia, hana maneno mengi, safari baada ya safari. Lakini angalia anachokihesabu. Frasila za pembe zimo, madeni yamo, bunduki zimo, majina ya machifu na ya jamaa zake yamo. Watu waliofungwa kamba wanapita kwa wingi wao tu, mateka, na wapagazi wanapita kama idadi ya mizigo. Kumbukumbu ya kwanza ya mtu katika lugha yetu ni ya aliyeshika bunduki.

Hili ndilo linalotufanya tumpite mbio, nadhani. Zanzibar habari za utumwa ziliingizwa kwenye siasa kabla na baada ya 1964, na mpaka leo ukilianza jambo hili kwenye kibaraza, mtu atauliza kwanza wewe ni wa upande gani. Bara tunaona ni habari ya visiwani. Ila kuna kitu hatuwezi kukikwepa sisi wa chuo, na hasa tunaokesha kuandaa Siku ya Kiswahili kila 7 Julai. Tunajivunia kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa hata Kongo, kwamba ukishuka Kisangani au Kindu unaelewana na watu. Kilifikaje? Kwa sehemu kubwa kwa misafara ya akina Hamed, midomoni mwa wapagazi, askari na mateka waliokigeuza kuwa chao. Huko walijiita waungwana, na lahaja yao ikaitwa Kingwana. Watu wengine walijipa jina la uungwana baada ya kuingia msafarani wakiwa wamefungwa. Sijawahi kuona hilo kwenye bango la sherehe zetu.

Wako waliofungwa ambao waliacha neno. Swema, binti wa Kiyao, alifikishwa Unguja mahututi akafukiwa angali hai. Alifukuliwa akapona, na mapadri wakayaandika maisha yake, yakachapwa Ufaransa mwaka 1870. Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa mtoto na kuuzwa Unguja, alihadithia ya kwake, yakaingia kwenye kitabu cha Margery Perham, Ten Africans, mwaka 1936. Cha Hamed unaweza kukisoma kwa Kiswahili chake mwenyewe. Simulizi ya Swema ilitoka kwa Kifaransa, ya Rashid kwa Kiingereza.